Tupeane uzoefu: wanaume wa Nyanda za Juu Kusini, hesabu ya kalori na chokoleti «nyepesi»

Mwanzisha uzi, Mbeya mjini

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna jambo ninaliona likijirudia: mwanaume wa huku kwetu hukubali kuhesabu anachokula pale tu daktari anapomtajia kisukari au presha, lakini ukimwambia ahesabu kalori akiwa mzima wa afya atacheka, na akikutwa na chokoleti yenye kalori pungufu atasema amembebea mtoto. Kwa maoni yangu, kinachomshinda si hesabu yenyewe bali ni kuonekana anahesabu. Wafanyabiashara wa ng'ambo walilitambua hilo zamani. Nchini Uingereza, mwaka 2002, chokoleti ya Yorkie iliuzwa kwa tangazo lililosema wazi kwamba si ya wasichana, na mwaka 2011 nchini Marekani soda ya Dr Pepper Ten, yenye kalori 10 tu, ilitangazwa kuwa si ya wanawake, ili mwanaume ainywe bila kuona haya. Naomba uzoefu wa kweli. Mwenye utani wa vitambi auambatanishe na maelezo.

Fundi wa Sokomatola

Mimi ni fundi cherehani, na sidhani kama kuna anayezijua siri za viuno vya wanaume wa mji huu kunishinda. Mteja akinenepa hasemi kwamba amenenepa; husema suruali imerudi baada ya kufuliwa, kisha huniomba niachie mshono wa nyuma. Anaamini kiuno chake ni inchi 34, kwa sababu mkanda anaufungia chini ya kitambi, ilhali nikipitisha futikamba usawa wa kitovu ninakuta inchi 40 na zaidi. Muuguzi mmoja ambaye ni mteja wangu alinieleza kwamba kwa mwanaume hatari ya maradhi huanza kuongezeka kiuno kinapofika sentimita 94, yaani inchi 37, na huwa kubwa zaidi kikizidi sentimita 102, ambazo ni kama inchi 40, na kwamba kinachopimwa ni tumbo, si suruali. Tangu hapo ninapima mara mbili na kumtajia mteja namba zote mbili, kwa sauti ya chini.

Upande wa pili ndio unaonisikitisha. Yupo mteja aliyeacha bia, akapunguza ugali, akapungua vizuri kabisa, akaniletea suruali zake zote nizibane. Haukupita muda mrefu nikaanza kumwona amevaa sweta mbili ndani ya koti, hata katika jua la Oktoba. Nilipomdadisi akasema majirani walikwisha kumwuliza mkewe kama mzee anaumwa. Katika mikoa yetu hii, ambako ukimwi umetuondolea ndugu wengi, mwanaume akikonda watu huwa wameshapata jibu kabla ya kuuliza. Sasa amerudia kula kama zamani, na suruali ninaziachia upya.

Mwalimu wa Mafinga

Fundi amesema kweli. Mimi ninafundisha baiolojia, na hesabu hii haina fumbo: gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9, ya kilevi 7, ya wanga au protini 4. Ndiyo maana kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina takribani kalori 120, na bia ya nusu lita yenye kilevi cha asilimia 5 ina takribani 200. Ninaye mwenzangu katika ofisi ya walimu ambaye humcheka mkewe kwa kusoma maandishi ya kwenye pakiti ya chokoleti, wakati yeye mwenyewe kila Ijumaa hushushia kitimoto kwa bia nne. Hizo ni kalori 800 kabla hatujaigusa nyama.

Dereva wa Tunduma

Ninaendesha lori kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Dereva yeyote atakwambia gari limekunywa dizeli kiasi gani kutoka Kitonga hadi Makambako, lakini ukimwuliza sahani ya chipsi kuku ina kalori ngapi atadhani umechanganyikiwa. Mimi ninahesabu, ila kimyakimya. Ninaagiza chipsi nusu na kumwambia mpishi kwamba nimeshiba njiani, kwa maana nikisema ninapunguza mwili, utingo wangu ataitangaza habari hiyo hadi Nakonde.

Mama wa Njombe

Naomba nichangie ingawa mmeitwa wanaume. Baba watoto alikuwa akinitania sana kwa chokoleti ninazonunua, zile zilizoandikwa kwamba zina kalori pungufu, akisema ni vyakula vya watu wasio na kazi ya shamba. Nikawa naziweka kabatini, nyuma ya kopo la majani ya chai. Zikaanza kupungua, na watoto wote wako bwenini. Sikumwuliza. Siku hizi ninanunua mbili na kuiacha moja palepale, na karatasi yake siioni hata kwenye ndoo ya taka. Tafadhali msinishauri nimwulize.

Mwanzisha uzi, Mbeya mjini

Shemeji, hakuna atakayekushauri hivyo. Endelea kununua mbili.

Mzee wa Kihesa, Iringa

Mimi nina kisukari, kwa hiyo jamii imeniruhusu kuhesabu hadharani, na hata wale wanaowacheka wenzao huninyamazia. Ningependa huyo baba wa Njombe, kama anapita hapa kimyakimya, ajue anachokula. Chokoleti ya maziwa ya kawaida ina takribani kalori 530 katika gramu 100, na humo mna karibu gramu 30 za mafuta, ambayo peke yake ni kalori 270. Kiwanda kikiondoa sukari na kuweka maltitoli, yaani kiungo cha utamu kinachotumika badala ya sukari, mafuta yanabaki palepale, na maltitoli yenyewe ina kalori zaidi ya 2 kwa gramu. Kwa hiyo maneno «bila sukari» yanapunguza kitu, lakini ni kidogo kuliko mnunuzi anavyojidanganya. Nyingine huitwa nyepesi kwa sababu tu kipande ni kidogo au kimejazwa hewa. Someni namba ya gramu 100, si ya kipande, na msishtuke mkiona 2,200, kwa kuwa hizo ni kilojuli, kipimo kingine cha nishati, si kalori. Jambo la mwisho, maltitoli ikizidi huleta gesi na kuharisha, hivyo msiijaribu kwa mara ya kwanza mkiwa ndani ya basi la Songea.

Mkulima wa Kyela

Nimeufuata uzi huu nikitabasamu, kwa sababu kwetu kakao ni ya wanaume na chokoleti ni ya watoto. Tunavundika mbegu katika masanduku, tukizifunika kwa majani ya migomba kwa siku kama sita hadi zitoe harufu ya siki, tunazianika, tunazipeleka chama cha msingi, zinaingia ghalani na kusubiri mnada, na wengi wetu hatujawahi kuonja kinachotengenezwa kwazo. Nyumbani kwangu tunakaanga mbegu chache, tunazimenya, tunazitwanga na kunywa kwa maji ya moto bila sukari. Wazee wanaoidharau chokoleti nyepesi hunywa kikombe hiki bila ubishi wowote, wakiamini kwamba kwa kuwa ni kichungu basi ni dawa, na wapo wanaoniambia kwamba kinakata kitambi. Mzee wa Kihesa atanielewa nikisema kwamba sijapata namna ya kuwaeleza kuwa karibu nusu ya mbegu ya kakao ni mafuta, na kwamba katika kinu chetu hakuna hata tone lililokamuliwa.