Windows 11 imegoma ndani ya VirtualBox, sasa naona skrini nyeusi ya "Shell>". Msaada wakuu

BintiMbuyuni
Wakuu habari za usiku. Niko Moshi, namsaidia shangazi duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko la Mbuyuni. Laptopu yetu ni Core i5 kizazi cha 8, RAM 8, inatumia Ubuntu 22.04. Programu ya stoo inakubali Windows tu, kwa hiyo tangu 2019 tunaiendesha kwenye Windows 10 ndani ya VirtualBox, ile programu ya kuunda kompyuta pepe (VM) ndani ya kompyuta.

Si mnajua Microsoft walifunga msaada na apdeti za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, nikasema nipande kwenda 11. Kipimo chao kikanijibu: TPM 2.0 (chipu ya usalama) hakuna, Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka) hakuna, diski ndogo, prosesa ina kiini kimoja. Nikashangaa, laptopu hii TPM inayo! Nikaingia kwenye mipangilio ya VM, nikatiki EFI, ile njia mpya ya kuwasha mashine, nikawasha. Badala ya Windows yakaja maandishi ya njano kwenye giza, mwisho "Shell>" na kamstari kanapepesa. Hesabu za miaka sita zimo humo na shangazi hajui kitu. Nimezipoteza?

Kitochi_Majengo
Pole. Futa yote, shusha ISO (faili la kusakinishia Windows), weka upya. Nusu saa tu.

Fundi_Sakina
Dada, usifute chochote. Zima hiyo VM, toa tiki ya EFI, washa tena, kisha uniambie.

BintiMbuyuni
IMERUDI! Kaka, ubarikiwe. Nilikuwa natetemeka.

Fundi_Sakina
Data haikuguswa. Mwaka 2019 uliiweka kwa biosi ya zamani, diski ikapangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani. EFI ikatafuta patisheni yake ya kuwashia, haikuiona, ikakutupa kwenye Shell. Na ile TPM ya laptopu isahau. Windows iliyo ndani haiioni laptopu, inaiona mashine pepe uliyoiumba wewe, na hiyo uliiumba bila TPM, na kiini kimoja. Ndiyo tunayoitengeneza.

Una bekapu?

BintiMbuyuni
Nina snapshoti tatu, zile picha za hali ya VM zinazohifadhiwa na VirtualBox.

Mzee_wa_Kibosho
Binti yangu, snapshoti si bekapu. Zote zinaegemea faili lilelile la .vdi, ndiyo diski ya VM, likiharibika zinaondoka nalo. Zima VM kabisa, nakili folda yake yote kwenye diski ya nje, na usiguse kitu kabla nakala haijaisha.

Kitochi_Majengo
Mnamzungusha dada wa watu. Kwenye rejista, pale Windows inapotunza mipangilio yake, kuna njia ya kuruka kipimo cha TPM, unapanda.

Fundi_Sakina
Kitochi, ni kweli inapanda. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata apdeti, na apdeti ndizo zilizomfanya ahame. Ya kazi gani?

Dada, ukimaliza kunakili, futa zile snapshoti humo humo VirtualBox. Usiogope, mabadiliko yanaunganishwa kwenye diski, hali ya leo inabaki. Kisha ongeza diski hadi GB 80, kwenye teminali ya Ubuntu:

VBoxManage modifymedium disk "jina.vdi" --resize 81920

Weka viini 2, TPM chagua 2.0.

BintiMbuyuni
Diski imekubali. Lakini TPM siioni popote, nimefungua kila kichupo. Na ndani ya Windows "Extend Volume" imefifia, haibonyezeki.

Fundi_Sakina
VirtualBox toleo gani?

BintiMbuyuni
6.1, nimeitoa kwenye hazina ya Ubuntu.

Fundi_Sakina
Hapo ndipo. TPM ilikuja na 7.0, Oktoba 2022. Chukua toleo jipya kwenye tovuti ya VirtualBox. Kabla ya kupandisha, hakikisha VM imezimwa kwa Shut down, si ile ya kuhifadhi hali.

Mzee_wa_Kibosho
Hiyo ya kufifia, kuna patisheni ya urejeshaji imekaa nyuma ya C: kama gari lililozuia geti. Washa VM kwa ISO ya GParted, programu ya kupanga patisheni, isogeze hadi mwisho wa diski, halafu tanua C:. Iache imalize, usikatishe katikati. Umeme ukikatika una betri?

BintiMbuyuni
Betri inashika saa mbili, baba.

Fundi_Sakina
Sasa kugeuza MBR iwe GPT, mpangilio mpya ambao EFI inautaka. Ndani ya Windows 10, fungua cmd kama msimamizi:

mbr2gpt /validate /allowFullOS

Ikipita bila kulalamika, ndipo:

mbr2gpt /convert /allowFullOS

Zima. SASA tiki EFI na Secure Boot. Wewe ulianzia mwisho, ndiyo maana ilikutupa.

BintiMbuyuni (siku iliyofuata)
Imepanda! GParted ilinikalisha hadi saa sita usiku, na validate ilikataa mara ya kwanza kwa sababu sikufungua cmd kama msimamizi. EFI ikawaka bila Shell, kipimo kikatoa kijani kila mahali. Stoo imefunguka, hesabu zote zipo, hata lile deni la nondo la Desemba.

Shangazi kaja asubuhi, kaitazama skrini, kauliza nani kahamisha kitufe cha Start kukileta katikati. Nimemwambia ni apdeti.

Kitochi_Majengo
😂 Settings, Personalization, Taskbar, alignment weka Left. Kabla hajauliza tena.