Masters ya sosholojia au duka la pili?

Mchuuzi wa Makole
Wakuu salaam. Nina digrii ya sosholojia, mwaka wa nne huu nauza makava na chaja hapa Dodoma mjini. Nimebana vihela vya zabibu za shamba la mzee pamoja na mauzo yangu, ada ya mwaka wa kwanza ipo. Wife anataka tufungue duka la pili, mimi roho iko kwenye masters. Nishaurini.

Fundi Spana
Duka. Sosholojia ni stori za kijiweni zilizowekewa marejeo, unasota miaka miwili halafu unatumwa kijijini kumuuliza mzee wa Kigogo ana mbuzi wangapi 😂

Dada wa Hojaji
Spana kama hujui kaa kimya. Mimi data yangu nimekusanya Chamwino. Hojaji inauliza "kaya yako ina watu wangapi", mzee akanitazama weee, akaniuliza unataka wanaolala hapa au wanaokula hapa? Ana wake wawili, kila mmoja na jiko lake, na kwa Kigogo kaya ni boma zima. Kwenye sensa ya 2022 kaya ni wanaoishi na kula pamoja. Haya huyo ni kaya moja au mbili? Hela za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia maskini, zinaenda kwa kaya, ukikosea hapo kuna mama analala njaa. Kijiweni kwenu mnalijua hilo?

Fundi Spana
Mbuzi je, walikuwa wangapi?

Dada wa Hojaji
Hakutaja. Alicheka tu.

Mtani Toka Iringa
Mgogo atakutajia wake, watoto na madeni yote. Mbuzi ng'o!

Mbukwa Sana
Mhehe na wewe umo? Hapo kwenu mbwa wamebaki wangapi?

Mwalimu wa Zamu
Mnacheka ila hiyo ndo sosholojia yenyewe, mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown aliandika makala nzima kuhusu utani mwaka 1940, jinsi watu wanavyotukanana bila kugombana

Fundi Spana
Brown Mgogo wa wapi huyo

Mbukwa Sana
Utani pembeni, hiyo "mzee wa Kigogo" imenikera. Kwani kila mwenye tasnifu lazima aje kwetu? Mama yangu kashajibu hojaji tatu, hakuna aliyerudi kumwambia waligundua nini. Wa mwisho kamwachia sabuni.

Dada wa Hojaji
Pole ndugu yangu. Ila ukimlipa mtu hela anakujibu unachotaka kusikia, ndo maana tunatoa sabuni.

Mbukwa Sana
Hela inaharibu majibu ya mama, ya kwako ya kupanda cheo haiharibu kitu 🤔

Mchuuzi wa Makole
Aisee. Hilo la watafiti kutorudi mbona ni mada kabisa, naweza kuandikia proposo?

Fundi Spana
Fremu zinaisha mjini huku unaandika proposo

Mbukwa Sana
Andika, ila kwa mama usiende mikono mitupu. Na sabuni iwe mche mzima, yule mwenzio alimkatia nusu.