Tupeane uzoefu: wazee wenzangu, haya mambo ya simu na mtandao mnayamudu vipi?

Mstaafu wa Posta
Habari zenu wote, shikamooni mlionizidi. Jana nimeenda ofisi moja kulipa ada yao, hela ninayo mkononi imehesabiwa, binti ananiambia baba hapa hatupokei keshi, chukua kontroo namba ukalipe kwa simu. Nikarudi nyumbani na hela yangu hadi mjukuu atoke shule. Imeniuma kwa sababu mimi nimefanya kazi ya simu za maandishi, yaani telegramu, tangu posta na simu ni shirika moja, kabla halijagawanywa 1994. Watu walikuja dirishani kwangu wanatetemeka, na kwa kuwa ililipiwa kwa neno nilikuwa nawapunguzia, mtu kaandika mistari mitatu mimi nampa MAMA MAHUTUTI NJOO. Mtaa mzima mtu wa mitambo nilikuwa mimi. Leo nasomewa meseji ya benki na mtoto wa darasa la sita, akimaliza anajua salio langu kabla ya bibi yake. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Mama Wawili
Yaani hapo kwenye salio mzee wangu umenigusa. Wangu walijua nina kiasi gani, ikawa kila siku wana shida.

Binti wa Lushoto
Mmenikumbusha mama yangu, Januari 2020, ule wakati wa kusajili laini kwa alama za vidole, mwisho ilikuwa tarehe 20 na sisi tuko tarehe 17. Kitambulisho cha taifa anacho, namba anayo, tumepanga foleni kwa wakala toka saa moja asubuhi. Anaweka kidole kwenye kile kimashine, inakataa. Kingine, inakataa. Yule kijana akamwambia mama nenda kanawe na sabuni, kanawa. Akamfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta kidogo, bado. Mama kalima toka yuko msichana, mahindi, maharage, viazi vya kule juu, zile alama zilishafutika, ukimshika kiganja ni kama umeshika gome la mti. Watu nyuma wanaguna, na yeye akawa ananiangalia kama vile amefanya kosa, ananiambia polepole twende mwanangu, niache na hii simu. Ile sauti sijaisahau. Kijana wa watu alikuwa na subira Mungu ambariki, akajaribu kimoja kimoja mpaka kidole kimoja kikakubali, kimoja tu.

Kijana wa Tegeta
Poleni, ila tuseme ukweli, wazee wengi mnagoma tu. Mzee wangu nimemfundisha kununua umeme kwenye simu mara kumi, ya kumi na moja ananipigia yule yule. Whatsapp mbona mnaweza, video za dawa za kienyeji mnazisambaza vizuri tu?

Mwalimu Mstaafu
Kijana shikamoo kwanza, ndo tuanze. Umemfundisha mara kumi au umemshikia simu mara kumi? Maana nyie mnavyofundisha nawajua, mnachukua simu, mnabonyeza haraka haraka kidole hakionekani, mnarudisha mnasema "umeona?". Hapo mtu kaona nini? Nimefundisha darasa la kwanza miaka 31, mtoto hashikiwi penseli mpaka mwaka unaisha. Mpe simu aishike mwenyewe, wewe mikono weka mgongoni.

Kijana wa Tegeta
Shikamoo mwalimu. Nimekuelewa lakini na mimi nakuwa kazini, ananipigia nikiwa na wateja.

Dereva wa Zamani
Wakati wewe unajifunza kufunga kamba za viatu yeye hakuwa kazini?

Mama Wawili
🙌🙌

Mjane wa Moro
Huwa nasoma tu hapa siandiki ila hii imenitoa machozi, ngoja niseme yangu labda itamsaidia mtu. Baba watoto ndo alikuwa wa simu, umeme ananunua yeye, ada anatuma yeye, michango ya ukoo inakusanywa kwake, mimi ananipa keshi mkononi na nilikuwa naona raha. Akaanguka bafuni saa kumi na mbili asubuhi, kufika hospitali ameshakata roho. Jioni watu wameanza kujaa kwenye turubai, kumbe kwenye grupu la ukoo na la wenzake wa kazini kuna mtu kaandika tuchangie msiba, akaweka namba ile ile ya siku zote ya kukusanyia. Namba ya marehemu! Simu yake ilikuwa kitochi, tumeiweka juu ya kabati la vyombo, kila dakika ting, hela imeingia. Meseji inasomeka kabisa, fulani katuma elfu kumi, salio lako jipya ni kiasi fulani. Hela tunaiona na jeneza hatuna. Namba ya siri hakuna anayeijua. Shemeji akajaribu mwaka wake wa kuzaliwa, ikakataa, akajaribu wa mtoto wa kwanza, ikakataa, ya tatu ikajifunga. Usiku kucha niko chini kwenye mkeka nasikia ting. Kila ikilia moyo unaruka nadhani ni yeye anaitwa.

Asubuhi ikawa ugomvi nani abaki na simu, shemeji anaitaka, mwanangu wa kiume akamshika mkono mbele ya watu, maiti bado haijatoka hospitali. Tukazika kwa kukopa. Kampuni wakatuambia leteni cheti cha kifo na barua ya msimamizi wa mirathi toka mahakamani, ikachukua miezi minne. Zilipotoka nikakaa na zile meseji nasoma majina, mmoja ni mama anayeuza maandazi nje kwetu, katuma 2,000. Nilikuwa sijawahi kumshukuru, sikujua.

Binti wa Lushoto
Pole sana mama yangu. Nimeshindwa kuendelea na kazi.

Mtu wa Mahakama
Pole mama. Kwa faida ya wengine, walichofuata kampuni ndo utaratibu, hela iliyo kwenye laini ya marehemu inahesabiwa mali yake kama ya benki, kwa hiyo mirathi inafunguliwa, wengi wanaanzia mahakama ya mwanzo. Ukoo ukae, muhtasari uandikwe, msimamizi apendekezwe.

Dereva wa Zamani
Sikubaliani. Rambirambi ni ya wafiwa, marehemu hakuitafuta hiyo hela akiwa hai iweje iwe urithi wake?

Mtu wa Mahakama
Mzee wangu hoja yako ina uzito ila mtu wa kaunta atajuaje shilingi ipi ya rambirambi na ipi alikuwa nayo? Ndo maana nasema msibani teueni namba ya mtu aliye hai, leo leo, kabla tangazo halijatoka.

Bibi wa Makorora
Dawa ni mke ajue namba ya siri ya mume na mume ajue ya mke, basi.

Mama Wawili
Mimi nilimpa mume wangu, bibi, hela ya kikoba ikaondoka na yeye akaondoka. Usimpe mtu!

Bibi wa Makorora
Basi iandike, ukaifiche kwenye msahafu.

Dereva wa Zamani
Usithubutu kuandika popote, mwizi anaanzia hapo hapo.

Mkaazi wa Mombasa
Huku kwetu ni hayo hayo. M-Pesa imeanza 2007, mama yangu mpaka leo ajua kupokea tu, kutuma hajawahi hata siku moja. Kutoka leo namfunza, hii habari ya mjane imenishtua.

Mwalimu Mstaafu
Mkimfundisha msisahau matapeli, mimi walinipata. Ilikuja meseji kama ya kupokea 450,000, dakika hiyo hiyo mtu analia kwenye simu, mwalimu nimekosea namba ni hela ya hospitali. Huruma ikanifanya nirudishe bila kuangalia salio. Nilikuwa nayo yangu ya kuezekea, ndo iliyoenda. Meseji ya kweli inakuja na jina la huduma, ile ilitoka namba ya kawaida ya mtu. Angalia salio kwanza hata kama anakufa, na namba ya tapeli ripoti kwenye 15040.

Mstaafu wa Posta
Nimewasoma wote, asanteni, mjane dada yangu pole mno. Jioni hii nimemwambia mjukuu kaa pale, mikono mgongoni kama alivyosema mwalimu. Nimetuma 1,000 kwa mama yake. Lilipotokea jina la mpokeaji nimelisoma herufi kwa herufi ndo nikaweka namba ya siri, nimegeukia ukutani. Nimechukua kama robo saa. Bibi yake bado hajui salio, hilo nitamwambia mwenyewe.

Kijana wa Tegeta
Hongera mzee. Jumapili nakwenda nyumbani, nitafanya hivyo hivyo.

Bibi wa Makorora
We binti wa Lushoto hujasema, kidole gani kilikubali? Nami vyangu vinakataa kila mahali.

Binti wa Lushoto
Cha mwisho, mkono wa kushoto bibi. Anasema hicho huwa hakishiki mpini.