Geji ya mafuta kwenye boda: tuiamini au ing'olewe?

Mpanda wa Mambrui: Usiku nilikuwa namkimbiza mama mjamzito hospitali ya Malindi, pikipiki ikanizimikia karibu na daraja la Sabaki. Geji inaonyesha robo! Tukamsimamishia gari la miraa, Mungu akasaidia. Sasa nauliza, kile kimshale kina kazi gani? Waking'oe, watupunguzie bei.

Fundi Barani: Kaka, kosa si la geji. Ndani ya tangi kuna boya kwenye mkono mwembamba. Likipanda au kushuka, ncha ya mkono inatambaa juu ya ukanda, umeme unaongezeka au kupungua, mshale unasogea. Upepo wa chumvi huku kwetu unakula viungo vya waya, na tangi likishika kutu boya linakwama. Hiyo robo yako ni boya limekwama, lifunguliwe lisafishwe. Tena usisome geji pikipiki ikiwa imelalia stendi ya pembeni. Lakini nyinyi vyombo mnavitunza saa ngapi? Hata kebo ya spidomita mnachomoa ili tajiri mwenye pikipiki asijue mmezunguka kilomita ngapi.

Steji ya Gede: Fundi, hapo umetuvunjia heshima. Nani kachomoa? Kebo inazungushwa na gurudumu la mbele, inakula mchanga na matope mpaka inakatika. Ukimwambia tajiri anunue nyingine, anakujibu kebo haileti hesabu, ile pesa ya kumpelekea kila siku.

Mama wa Pikipiki Mbili: Mwanangu, mimi ndiye huyo tajiri. Pikipiki inatoka asubuhi, inarudi usiku, kilomita ni zile zile. Oili nitabadilisha kwa kukisia? Injini ikifa, wewe unahamia kwa tajiri mwingine, mimi nabaki na deni la mkopo.

Steji ya Gede: Mama, shikamoo, lakini hesabu unaitaka hata siku ya mvua, abiria hakuna, polisi wamekula. Ukitaka kujua nilikokwenda, nipigie simu.

Mtu wa Shela: Hebu turudi kwa mafuta. Pikipiki ya kabureta ina koki ya mafuta chini ya tangi. Mrija wa ON ni mrefu ndani ya tangi, wa rizavu, yaani akiba, ni mfupi. Injini ikianza kukohoa, unageuza koki unafika sheli. Mpanda, koki yako ilikuwa wapi?

Mpanda wa Mambrui: Kwenye rizavu, kama ya kila mtu steji. Tunaweka mafuta ya mia, hata lita haifiki. Mafuta hayo hayafiki mdomo wa ule mrija mrefu, sasa ON nitaiweka ya nini?

Fundi Barani: Ndiyo maana geji ni lazima iwe nzima! Rizavu umeshaila, umebaki na mshale peke yake. Na hizi mpya za injeksheni hazina koki kabisa, geji ikilala umelala nayo.

Steji ya Gede: Fundi, la kebo hujalifuta.

Fundi Barani: Silifuti. Nimezishika kwa mikono yangu, nati imefunguliwa kwa spana, kebo nzima haina mkatiko.

Steji ya Gede: Za nani? Usituweke sote kapu moja!

Mama wa Pikipiki Mbili: Basi kebo mpya nanunua leo, na boya litafunguliwa, gharama ni yangu. Lakini namba isiposogea, pikipiki italala kwangu, na hesabu ya siku hiyo nitaidai vile vile.

Steji ya Gede: Hesabu ya pikipiki iliyolala? Mama, hapo hatuelewani kabisa.