Hita inamaliza umeme wa wazazi Makete: tupunguzeje gharama?

Muulizaji, Mbagala:
Ndugu zangu, habari za leo. Wazazi wangu wanaishi Makete, ambako Juni na Julai baridi ni kali, na kila wiki nawanunulia LUKU kwa sababu hita ya wati 2,000 huwashwa tangu magharibi hadi wanapolala. Nifanyeje?

Fundi, Tabata:
Hita hiyo ikiwaka mfululizo saa 5 hula uniti 10. Je, nyumba ina dari? Hewa ya moto hupanda, na chini ya bati tupu hupotea upesi. Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende huko. Kisha mshumaa uliowashwa usogezwe karibu na kizingiti cha mlango: mwali ukiyumba, hapo pana upenyo, nao uzibwe kwa kitambaa kilichoviringishwa.

Mama, Kigamboni:
Mwanangu, naomba hili lisipuuzwe: mkishaziba mapengo, jiko la mkaa lisiachwe likiwaka chumbani, kwani mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Muulizaji, Mbagala:
Shikamoo mama, nimekuelewa. Sebule haina dari, fundi. Nitampigia baba leo tupate vipimo.