Naomba ushauri: nyota ya nyutroni inaongezaje kasi ghafla?

Wakuu habari zenu. Naandaa somo la fizikia kwa vijana wa kidato cha sita, kuna mahali nimekwama. Pulsa ya Vela, yaani nyota ya nyutroni (kiini kizito kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka) inayotuma mapigo ya redio, huzunguka mara 11 hivi kwa sekunde, ikipungua mwendo kidogo kidogo. Halafu kila baada ya miaka 3 hivi inaruka, kasi inapanda kwa kama sehemu moja ya milioni. Desemba 2016 darubini ya redio huko Tasmania iliinasa mubashara!

Wanasema ndani kuna nyutroni zinazotiririka bila msuguano, zimebaki na kasi ya zamani. Zikijinasua kwenye gamba gumu la nje la nyota, zinalisukuma lizunguke haraka zaidi. Hapo nimeelewa. Ila magneta (nyota ya nyutroni yenye usumaku mkali mno) iitwayo 1E 2259+586 mwaka 2012 ilipunguza kasi ghafla. Hiyo niwaelezeje? Mwenye ujuzi anisaidie.