Nina Swagger 2.0 na WSDL ya zamani: nihamie OpenAPI ipi?

Mrithi_wa_Mfumo:
Wakuu, habari zenu. Nimekabidhiwa mfumo wenye API mbili (milango ambayo programu nyingine huongea nao). Moja ni ya SOAP, mtindo wa zamani wa kutumiana ujumbe wa XML, ina faili la maelezo la WSDL 1.1 ambalo hakuna binadamu analisoma, ila programu za wateja kadhaa bado zinalitegemea. Nyingine ni ya REST, yaani ya anwani na metodi za kawaida za HTTP, imeelezwa kwa Swagger 2.0, muundo wa faili la kueleza API. Bosi anataka zote ziwe na maelezo ya aina moja, ili timu za simu na wavuti zizalishe wenyewe msimbo wa kuunganisha bila kutuuliza kila siku.

Sasa nakuta kuna muundo mwingine wa kueleza API, OpenAPI, wenye matoleo 3.0, 3.1, na 3.2 iliyotoka Septemba 2025. Mwenzangu mmoja anasema turuke hadi 3.2 kwa kuwa ndiyo mpya. Mwingine anadai Swagger na OpenAPI ni vitu tofauti kabisa, tutupe faili la zamani tuandike upya. Naombeni ushauri, hasa kwa waliowahi kuhama.

MwanaSeva:
Huyo wa pili msamehe tu. Swagger aliianzisha Tony Tam akiwa Wordnik, ikatoka 2011. Toleo la 2.0 likaja 2014, SmartBear wakainunua 2015, na mwishoni mwa mwaka huohuo maelezo rasmi yakakabidhiwa OpenAPI Initiative chini ya Linux Foundation. Tangu 2016 yanaitwa OpenAPI, na Swagger limebaki jina la zana kama Swagger UI na Swagger Editor. Faili lako ndilo OpenAPI 2.0, usitupe kitu.

Binti_Skima:
Mkuu, kutoka 2.0 kwenda 3.0 kazi kubwa inafanywa na mashine. Swagger Editor yenyewe ina sehemu ya kubadili. "host", "basePath" na "schemes" zinaingia ndani ya "servers", "definitions" inahamia "components", na kigezo cha "body" kinakuwa "requestBody".

Kinachouma ni yale ambayo hayakuandikwa. Mfano: endipointi (anwani moja ya API) inapokea orodha ya namba kwenye anwani. Ndani ya 2.0, usipotaja "collectionFormat", maana yake ni ids=1,2,3. Ndani ya 3.0, usipotaja mtindo, maana yake ni ids=1&ids=2&ids=3. Mtu akihamisha faili kwa mkono, anaona hakuna cha kubadilisha pale, anapita. Faili linakaguliwa, linaonekana safi, halafu msimbo uliozalishwa unatuma orodha ambayo seva yako haiielewi. Kila kigezo cha aina ya orodha kiandikie "style" (mtindo wa kuandika orodha) na "explode" (kama kila thamani ijitenge) waziwazi. Pitia pia upakiaji wa mafaili, kwa sababu ile aina ya "file" ya 2.0 haipo tena.

Kuhusu toleo, mimi ningesimama 3.0 kwanza.

Kijana_wa_JSON:
Kwa heshima dada, hapo napinga. 3.1 ipo tangu Februari 2021, na ndiyo iliyomaliza ugomvi wa skima, yaani maelezo ya umbo la data. Ile 3.0 inatumia lahaja yake ya JSON Schema (kanuni za kueleza umbo la data ya JSON), lakini 3.1 inaifuata JSON Schema 2020-12 yenyewe, kwa hiyo skima unayoitumia kukagua data kwenye seva ndiyo hiyohiyo unayoiweka kwenye maelezo. Akisimama 3.0 atahama mara mbili.

Binti_Skima:
Sikatai kwamba 3.1 ni bora, mdogo wangu. Swali langu ni nani atalisoma hilo faili. Sehemu inayoruhusu kuwa tupu, kwenye 3.0 unaandika "nullable: true". Kwenye 3.1 neno hilo limeondolewa, unaorodhesha aina mbili, "string" na "null". Zana ambayo haijaijua vizuri 3.1 inaweza isilalamike, ikakuzalishia sehemu isiyokubali utupu, na programu ya simu ikaanguka mikononi mwa mtumiaji.

Mleta uzi, tengeneza faili dogo la 3.1 lenye sehemu kama hiyo, pamoja na "$ref" (rejea ya skima iliyoandikwa kwingine) yenye maelezo pembeni yake. Kwenye skima za 3.0 maelezo hayo hupuuzwa, kwenye 3.1 yanaruhusiwa. Lipitishe kwenye zana za timu zote mbili, kisha fungua msimbo uliotoka uusome kwa macho yako.

Fundi_SOAP:
Mmeiacha WSDL yatima. Usiigeuze kwa mashine. WSDL inaeleza operesheni na ujumbe, na kwa kawaida SOAP hutuma kila kitu kwa metodi ya POST kwenye anwani moja. OpenAPI haikubali njia moja na metodi ileile vielezwe mara mbili, kwa hiyo operesheni zako zote zitagombania mlango mmoja. Majaribio ya kuziba pengo hilo yalikuwepo: WSDL 2.0 ilipitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2007 ikiwa na njia ya kueleza HTTP, na WADL, lugha ya kueleza API za HTTP ya Marc Hadley wa kampuni ya Sun, ikapelekwa W3C 2009 bila kuwa kiwango. Jenga tabaka jembamba la REST mbele ya SOAP, liandikie OpenAPI, na WSDL iachie wateja wake wa zamani.

Mrithi_wa_Mfumo:
Asanteni sana. Nimejaribu lile faili dogo. Zana ya wavuti imelisoma sawasawa. Ya simu imezalisha sehemu isiyokubali utupu, na haikutoa onyo lolote. Kwa hiyo 3.2 niisahau?

Kijana_wa_JSON:
Basi hapo dada ameshinda, nenda 3.0. 3.2 itakufaa siku ukianza kutuma majibu yanayotiririka kipande kwa kipande, au ukitaka metodi ya QUERY (ya kuuliza data huku swali likiwa ndani ya mwili wa ombi). Kwa ulichoeleza huhitaji.

Binti_Skima:
Ila faili moja tu liwe chanzo, na kila mnapotoa toleo jipya la seva, majibu yake halisi yakaguliwe dhidi ya faili hilo. Zana ya simu ikiiweza 3.1, utabadilisha "nullable" na mipaka ya namba kama "exclusiveMinimum", ambayo kwenye 3.0 ni ndiyo au hapana na kwenye 3.1 ni namba yenyewe. Hiyo mashine inaifanya.

MwanaSeva:
Na kama mna foleni za ujumbe humo ndani, hizo zitafutie AsyncAPI, muundo wa kueleza mifumo ya kutumiana ujumbe. Usizilazimishe kuingia OpenAPI.